Kufufua boti kuukuu ya pantoni nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu boti bapa za starehe zinazoelea juu ya maboya mawili au matatu ya alumini, zenye sitaha ya plaiwudi na injini ya petroli inayofungwa tezini, yaani nyuma. Vipimo vilivyotumika ni vya boti ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4 hivi. Yako ikiwa ndefu au fupi zaidi, piga hesabu upya kwa njia hiyohiyo.

Nitajuaje kama boti inafaa kufufuliwa au ni ya kuuza kwa kilo?

Anza kuikagua chini. Viti vilivyochanika, sitaha iliyooza na nyaya zilizotafunwa na panya vyote vinabadilishika. Kinachoamua ni maboya, mihimili inayoyaunganisha, na kiti cha injini.

Lala chini ya boti na tochi na brashi ya waya ya stenlesi, usugue sehemu tatu. Kwanza, mishono iliyochomelewa kwenye vichwa vya maboya, mbele na nyuma. Pili, pale vishikio vya mihimili vilipochomelewa juu ya boya. Ukiona ufa mwembamba mweusi kandokando ya mshono, boti hiyo imepigishwa mawimbi ikiwa na mzigo kupita kiasi. Tatu, tumbo la boya pale linapolalia mbao za trela. Mbao hizo zikivalishwa zulia hukaa na unyevu miezi na miezi, na zikiwa zimetiwa dawa yenye shaba, alumini huliwa kimyakimya: utaona vishimo vyenye unga mweupe.

Bati la boya huwa na unene wa milimita 2 hadi 3 tu. Kishimo chenye kina cha milimita 1 kimeshakula theluthi yake au nusu. Vichache vinazibika. Boya lililotoboka hivyo tumbo zima halifai kuchomelewa, maana kila ukiziba hapa, moto unafungua pale. Tafuta boya jingine la kipenyo kilekile.

Mwisho shika mguu wa injini, uinue na kuushusha huku mwenzio akimulika kiti chake. Ufa unaofunguka na kujifunga ni kazi ya fundi wa kuchomelea kabla ya kununua hata skrubu moja.

Boti ikiwa majini inalalia upande mmoja. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni maji ndani ya boya. Boya la kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 6 likiwa na maji ya kina cha sentimita 10 tu, limebeba kilo 185 hivi zisizohitajika. Ni kama abiria wawili wanene wasioshuka kamwe.

Inua omo (mbele) ya trela, fungua vizibo vya nyuma na uache maji yatoke. Lita moja au mbili zaweza kuwa jasho la hewa tu. Ndoo kadhaa ni uvujaji. Kama boya halina kizibo, toboa tundu la milimita 6 mahali pa chini kabisa, karibu na kichwa cha nyuma, kisha hapo chomelea kikombe chenye hesi na kizibo chake. Kumbuka kwamba maboya mengi yamegawanywa ndani kwa kuta, hivyo chumba cha nyuma kikiwa kikavu hakikuhakikishii cha mbele. Gonga kwa kiganja kutoka mbele hadi nyuma: penye maji sauti huzama.

Boti nyingine zilijazwa povu la kuelea. Povu lililozeeka hunyonya maji na halikauki, hata ukiacha vizibo wazi msimu mzima.

Nipimeje uvujaji wa boya?

Kwa hewa kidogo sana na maji ya sabuni. Shinikizo lisizidi psi 2, yaani baa 0.14 hivi. Tumia pampu ya mkono ya godoro au ya mpira, na geji ndogo inayosoma psi 0 hadi 5, kwa sababu geji ya matairi haioni shinikizo dogo namna hiyo.

Usiunganishe kompresa moja kwa moja. Kichwa cha boya la sentimita 60 kina eneo la mita za mraba 0.28. Kwa baa 0.14 tayari kinasukumwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 400. Kwa baa 7 za kompresa ya kawaida ni tani 20, na kichwa hakitavuja, kitaruka. Usisimame mbele ya kichwa cha boya wakati wa kipimo, hata kwa pampu ya mkono.

Pima alfajiri au kivulini. Jua likipiga alumini, hewa ya ndani hupanuka na geji inapanda hata kama pana tundu. Paka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila mshono, kila kishikio na kila kishimo, ukisubiri dakika moja kabla ya kuhama, maana tundu dogo hutoa mapovu polepole. Weka alama kwa kalamu ya wino. Risasi ya penseli ina kaboni, na mstari wake ukiachwa kwenye alumini yenye unyevu huanzisha ulikaji. Chumba kilicho kizima kinashika shinikizo kwa dakika 15 bila mshale kushuka.

Tundu limeonekana. Nichomelee mwenyewe?

Kama hujawahi kuchomelea alumini nyembamba, mpe anayejua. Si suala la ujasiri. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi, lakini ngozi ya oksidi iliyoifunika inahitaji zaidi ya 2,000. Mwanafunzi huongeza moto akiona haiyeyuki, ngozi inapasuka, na bati lote la chini linadondoka. Tundu la sindano linageuka la kidole.

Kwa anayejua: maboya mengi ni alumini ya aina 5052, na waya wa 5356 unashikana nayo vizuri, kwa TIG (uchomeleaji wa ncha ya tangsteni) ya umeme wa AC na gesi tupu ya agoni. Safisha kwa asetoni kwanza, ndipo usugue kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Ukisugua kabla ya kuondoa mafuta, unayapaka mafuta hayo ndani ya mikwaruzo. Usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini: mwanga na joto la kuchomelea huigeuza gesi ya sumu inayoua.

Fungua kizibo cha chumba husika kabla ya kuwasha. Hewa iliyofungiwa ikipata joto hutafuta njia, na njia rahisi ni kwenye mshono wako ukiwa bado maji. Ufa utobolewe kitundu cha milimita 3 kila ncha ili usiendelee kukimbia, kisha uchomelewe. Kiraka kiwe cha aina ileile ya alumini, pembe zake zikiwa za mviringo, na kipite eneo lililoharibika kwa sentimita 2 na nusu kila upande.

Boya lenye povu lisichomelewe kabla povu halijaondolewa eneo hilo. Povu la poliurethani likiungua hutoa sianidi.

Epoksi ya majini inaziba kitundu kimoja kwa msimu, mradi bati limesuguliwa hadi ling'ae na kupakwa papo hapo. Zile fimbo za kuyeyusha kwa tochi ya gesi, zinazotangazwa kuwa zinaunganisha alumini bila mashine, tunaziamini kwenye fremu ya turubai. Kwenye boya linalobeba watu hapana.

Sitaha imelainika pembe mbili tu. Naweza kuweka viraka?

Unaweza, na mwakani utaweka vingine. Maji hupenya kwenye ukingo au tundu la bolti na kutembea kati ya tabaka za plaiwudi. Unapohisi ulaini chini ya mguu, uozo umeshatangulia mbele. Chomeka bisibisi nyembamba kutoka chini, karibu na kila mhimili, chini ya matangi na langoni. Ikizama milimita 5 bila nguvu mahali pawili au zaidi, ng'oa yote.

Kabla ya kung'oa, pima mishazari: kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake. Andika. Sitaha ndiyo inayoshikilia fremu isipinde kuwa msambamba, na ukiitoa yote kwa pamoja maboya yanaweza kuacha kuwa sambamba bila wewe kujua, hadi siku mbao mpya zinakataa kukaa. Tofauti ya mishazari isizidi milimita 5. Njia salama ni kufunga mbao mbili za mshazari juu ya mihimili mara tu nusu ya sitaha inapotoka.

Bolti za zamani hazifunguki kwa spana, kichwa huzunguka ndani ya mbao iliyooza. Kata nati kutoka chini kwa grainda yenye diski nyembamba, ukiwa na miwani, na uwe na blanketi la kuzuia cheche zisiruke kwenye zulia au tangi. Tangi la petroli liwe limeshatolewa kabisa, na liwe mbali.

Plaiwudi ipi, na kiasi gani?

Milimita 19, gundi isiyoyeyuka kwa maji, tabaka za ndani zisizo na mapengo. Plaiwudi ya daraja la majini ndiyo hasa. Milimita 15 huvutia kwa wepesi na bei, lakini mihimili ikiachana sentimita 60, utaiona ikidunda chini ya kisigino, na vinaili iliyobandikwa juu itaachia kwenye maungio.

Boti ya mita 6 kwa 2.4 inachukua mbao tano za kipimo cha 1.22 kwa 2.44, zilizolazwa kwa upana wa boti. Kila moja ina kilo 34 hivi, jumla 170. Kila ungio liangukie katikati ya mhimili, na uache nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati ya mbao na mbao, kwani zitavimba.

Sasa lile linaloharibu boti nyingi zilizofufuliwa vizuri: plaiwudi iliyoshindiliwa dawa ya kuzuia uozo. Dawa nyingi za siku hizi zina shaba nyingi. Shaba, unyevu na alumini vikikutana, alumini ndiyo inayotoka sadaka. Mihimili huanza kuvimba unga mweupe chini ya sitaha ambayo juu yake inaonekana mpya. Kama huna mbao nyingine, ziache zikauke wiki kadhaa, zipake epoksi pande zote, na uweke utepe wa mpira au wa butili juu ya kila mhimili. Plaiwudi ya majini isiyo na dawa, iliyofungwa vizuri kwa epoksi, ni chaguo bora zaidi.

Kufunga kwenyewe kunafuata mpangilio huu. Kata mbao, zilaze kavu mahali pake, toboa matundu yote, weka namba, zitoe. Ndipo upake: mikono miwili ya epoksi kwenye nyuso zote mbili, mitatu kwenye kingo, na kila tundu lisuguliwe ndani kwa kijiti chenye pamba iliyolowa epoksi. Lita 6 hadi 8 zinatosha. Watu hupaka kwanza na kutoboa baadaye, wakaacha matundu mia moja ya mbao tupu, na humo ndimo uozo wa kwanza ulimoanzia.

Bolti za stenlesi hazitakula alumini?

Zinaweza, hasa kwenye maji ya chumvi, lakini eneo la bolti ni dogo likilinganishwa na alumini iliyolizunguka, kwa hiyo athari hubaki pale kwenye tundu. Paka pasta ya kutenganisha metali kwenye hesi na chini ya washa. Chuma kilichopakwa zinki kinaonekana sawa mwaka wa kwanza, kisha zinki inaisha na kutu inapasua mbao.

Tumia bolti ya M6 (kipenyo milimita 6) yenye kichwa bapa, urefu wa milimita 40, na nati yenye pete ya nailoni. Mihimili 11, bolti moja kila sentimita 40 kwa upana, na safu mbili kwenye maungio: nunua 110, zitabaki chache. Skrubu za kujitoboa ni za haraka, ila hulegea kadiri sitaha inavyodunda.

Stenlesi kwa stenlesi hukwama. Ukikaza kwa drili ya kasi, hesi hupata joto, hujichomelea yenyewe, na bolti hiyo haitoki tena ila kwa kukatwa. Tia grisi ya kuzuia kukwama, zungusha polepole, malizia kwa spana ya mkono. Kaza hadi kichwa kikae sawa na uso wa mbao, kisizame ndani.

Zulia au vinaili?

Vinaili. Zulia hushika maji, tope na ndoano za samaki, na sitaha chini yake haikauki.

Sitaha iwe imesawazishwa: vichwa vya bolti na maungio yajazwe epoksi iliyokorogwa na unga, yasuguliwe kwa msasa namba 80, na epoksi yote ya juu ikwaruzwe ili gundi ishike. Tandaza vinaili juani nusu siku kabla, ijinyooshe. Paka gundi ya majini kwa kijiko chenye meno, si kwa brashi. Subiri hadi ikishikwa kwa kidole inata bila kuacha mvuto mrefu, kisha laza kutoka katikati kwenda nje na upitishe rola nzito. Pindisha ukingo sentimita 5 chini ya sitaha kabla ya kurudisha ukanda wa alumini wa pembeni. Malengelenge yanayotokea siku ya pili ni gundi iliyofunikwa ingali mbichi. Yachome kwa sindano, pasha joto kidogo, sukuma hewa itoke.

Mazulia ya sponji yenye gundi mgongoni yanapendeza picha na ni laini mguuni. Ya rangi nyeusi huunguza nyayo.

Nataka ghorofa ya juu na bembea ya kuteleza majini. Boti itabeba?

Piga hesabu kabla ya kununua bomba moja. Boya la sentimita 60 kwa mita 6 lina ujazo wa mita za ujazo 1.7, kwa hiyo mawili yakizama kabisa yanabeba tani 3.4. Lakini kanuni ya kazi ni kutozamisha zaidi ya nusu ya boya, kwa hiyo una tani 1.7 kwa kila kitu: boti, injini, mafuta, watu na barafu yao.

Weka watu wanane wa kilo 80: 640. Injini 120. Lita 100 za petroli, 75. Betri 25. Zimebaki kilo 840 kwa boti yenyewe, maboya, fremu, sitaha, uzio na viti. Boti nyingi za kipimo hiki hufika hapo bila ghorofa yoyote.

Na uzito si neno pekee. Watu wanne wakiwa mita 2 juu ya sitaha, wote wakakimbilia upande mmoja kutazama, huipindua boti ambayo kwa hesabu ya kuelea ilikuwa salama. Kama boti haikuundwa na ghorofa, tunashauri usiiongezee. Turubai ya kivuli yenye fremu ya alumini hutosha, nayo ikunjwe upepo ukizidi. Kibao cha kiwandani kinachotaja idadi ya watu, uzito na nguvu ya juu ya injini usikifute wala kukipita.

Na boya la tatu katikati?

Hilo linasaidia kweli: ubebaji unapanda kwa nusu, na boti hailali sana kwenye kona. Ila lazima liwe na vishikio kwenye kila mhimili, vilivyofungwa kwa bolti zinazopita, na kiti cha injini mara nyingi kinahitaji kuundwa upya. Halikupi ruhusa ya injini kubwa kuliko fremu ya zamani inavyohimili. Bati la alumini chini ya mihimili ni nyongeza ya bei nafuu isiyosifiwa vya kutosha: maji hayapigi tena mihimili, boti inakimbia kavu na kwa utulivu. Lipe matundu ya kutolea maji.

Nyaya zipitishweje?

Ng'oa zote za zamani. Kufuatilia waya wa rangi isiyojulikana uliounganishwa mara tatu kwa utepe ni kupoteza Jumamosi.

Tumia waya wa shaba wenye nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Kila kifaa kiwe na nyaya zake mbili, chanya na hasi. Usitumie fremu ya alumini kama njia ya kurudishia umeme kama ilivyo kwenye gari, maana mkondo unaopotea ndani ya maji hula maboya kwa wiki, si kwa miaka. Fyuzi kuu iwe ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye betri.

Unene wa waya unahesabiwa kwa kwenda na kurudi. Redio ya ampea 10 iliyo mita 6 kutoka kwenye betri ina mita 12 za waya. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 unapoteza volti 0.84, yaani asilimia 7 ya volti 12, na redio itazima ukigonga muziki. Kwa waya wa 6 unapoteza volti 0.35 tu. Taa za usalama zisipoteze zaidi ya asilimia 3.

Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki chini ya sitaha, na kila zinapopita kwenye tundu la alumini ziwe na pete ya mpira. Ukingo wa tundu hukata waya taratibu kwa mtikisiko.

Taa za usiku ni zipi?

Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972, boti ya injini isiyofika mita 12 inaweza kuwa na taa nyekundu kushoto, ya kijani kulia, kila moja ikimulika nyuzi 112.5 kuanzia mbele, na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Hiyo nyeupe iwe angalau mita 1 juu ya zile za pembeni. Ukifunga turubai, hakikisha haiifichi. Kosa hili ni la kawaida mno. Taa za urembo za buluu au kijani chini ya sitaha zizimwe boti ikitembea usiku, zisichanganye wengine. Maji ya ndani ya nchi yana kanuni zake, ziangalie pia.

Viti vitengenezwe upya au vinunuliwe?

Kama kiunzi ni cha plastiki na hakijapasuka, shona upya. Kama ni cha mbao, kitupe. Fumua kifuniko cha zamani mshono kwa mshono, kipige pasi ya uvuguvugu, kitumie kama ramani ya kukatia. Sponji mpya iwe kubwa kuliko kifuniko kwa sentimita 1 kila upande ili kitambaa kikazike. Sindano namba 110, uzi wa poliesta unaohimili jua. Uzi wa pamba huoza, wa nailoni hudhoofishwa na jua. Pini za kubania ziwe za stenlesi. Toboa matundu chini ya kila kiti maji yatoke.

Usisafishe ukungu kwa klorini ya kufulia. Vinaili itang'aa, uzi utakatika miezi sita baadaye, na utalaumu fundi.

Injini imekaa miaka. Niiwasheje?

Usiiwashe kwanza. Fungua skrubu ya chini ya gia na uangalie mafuta: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia na sili zibadilishwe. Unapojaza, jaza kutokea tundu la chini hadi yatoke la juu, vinginevyo hewa inabaki ndani. Badilisha impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) ya pampu ya maji bila kuuliza umri wake. Mpira wake hukauka ukiwa umepinda. Mwaga petroli ya zamani, badilisha mipira yote ya mafuta na chujio, safisha kabureta. Pima mgandamizo wa silinda zote: tofauti kati yake isizidi asilimia 10 hivi. Silinda moja ikiwa chini sana, simama hapo na ufanye uamuzi kabla ya kutumia fedha zaidi.

Isiwake kamwe bila maji ya kupoozea, hata sekunde 20.

Nang'arishaje maboya yaliyofifia?

Kwa dawa ya asidi ya fosforiki au ya oksaliki, kwenye kivuli, alumini ikiwa imelowa na ya baridi. Paka kutoka chini kwenda juu, mita moja kwa wakati, isikauke, kisha suuza kwa maji mengi. Ukianzia juu, michirizi inayoteremka huacha mistari isiyofutika. Kinga uzio uliopakwa rangi na trela yenye zinki. Epuka dawa zenye asidi ya haidrofloriki: hupenya ngozi bila maumivu ya haraka na kufika mfupani. Magadi makali ya kuzibua mabomba nayo yasikaribie. Hula alumini huku yakitoa haidrojeni.

Chini nipake rangi?

Boti inayopandishwa trela baada ya kila safari haihitaji. Inayolala majini inahitaji. Ondoa mafuta, kwaruza kwa msasa namba 80, paka praima ya epoksi ndani ya saa moja au mbili kabla oksidi haijarudi, mikono miwili au zaidi, ndipo rangi ya kuzuia viumbe isiyo na shaba. Rangi ya boti za mbao au faiba iliyobaki gereji kwa kawaida ina shaba, isiguse alumini kabisa.

Kama ni maji ya chumvi, funga anodi (vipande vya metali vinavyolika badala ya boya) za zinki au alumini; kwenye maji baridi, magnesi. Zibadilishwe zikilika nusu, na zisipakwe rangi, kwani rangi inazizuia kufanya kazi.

Siku ya kwanza majini nifanye nini?

Funga vizibo vyote, ukivihesabu kwa sauti. Bandika utepe kwenye kila boya, omo na tezi, kwenye mstari wa maji mara boti inapoelea, kisha iache imefungwa gatini saa mbili bila mtu. Utepe mmoja ukizama zaidi ya mingine, irudishe kwenye trela na ufungue vizibo: utajua boya lipi.

Kama yote yapo sawa, toka na watu wawili tu, wakiwa wamevaa jaketi okozi, na mtu mmoja atazame bamba lililo juu ya propela kwa kasi ya kawaida. Likitoka nje ya maji kwenye kona, injini italia bila kusukuma, kwa hiyo ishushe tundu moja. Baada ya saa tano za mwendo, rudi chini ya sitaha na spana. Plaiwudi mpya hukaa, na bolti karibu na kiti cha injini ndizo zitakazokubali robo mzunguko zaidi.